Chumvi, Tiketi na Hazina: Miaka 300 ya Serikali Kuuza Bahati

Mwaka 1694 Mfalme William III wa Uingereza alikuwa amebanwa kila upande. Vita vyake na Ufaransa vilikuwa vimeingia mwaka wa sita, askari wakidai mishahara, mabaharia wakidai posho, na hazina haina kitu. Kodi ya ardhi ilikuwa imeshapandishwa, na waliokaa Bungeni walikuwa wenye ardhi wenyewe, watu wasiopenda kujitoza zaidi. Ndipo ikapitishwa sheria moja yenye sehemu mbili. Ya kwanza iliweka ushuru juu ya chumvi na pombe. Ya pili iliruhusu kuuzwa kwa tiketi za bahati nasibu kwa yeyote aliyekuwa tayari kumkopesha mfalme fedha za vita.

Kazi ilikabidhiwa kwa Thomas Neale, mkuu wa karakana ya kupiga sarafu, ambaye pia alisimamia michezo ya kamari katika kasri la mfalme. Alizijua fedha na aliwajua wachezaji. Akaandaa tiketi 100,000, kila moja kwa pauni 10, jumla pauni milioni 1. Kila mwenye tiketi aliahidiwa pauni 1 kwa mwaka kwa muda wa miaka 16, hata kama bahati haikumwangukia. Juu ya hapo kulikuwa na zawadi 2,500. Ndogo ilikuwa pauni 10 kwa mwaka, na kubwa kuliko zote pauni 1,000 kwa mwaka, nazo pia kwa miaka 16.

Kwa hiyo hakuna mnunuzi aliyekusudiwa kutoka mikono mitupu. Asiyeshinda angerudishiwa pauni zake 10 na nyongeza ya pauni 6, ilimradi awe na subira na serikali itimize ahadi. Kwa lugha yetu ya leo, ilikuwa hati fungani ya serikali iliyoongezewa zawadi ili ivutie. Mwaka huohuo ilianzishwa Benki Kuu ya Uingereza, nayo ikamkopesha mfalme pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Bahati nasibu na benki kuu ni mapacha wa vita vilevile, na wanahistoria wa fedha huwataja pamoja wanapoeleza jinsi serikali za Ulaya zilivyojifunza kukopa kutoka kwa umma.

Lakini swali ninalotaka msomaji alishike tangu hapa ni la mfuko. Ili kuwalipa wenye tiketi, serikali ilihitaji pauni 140,000 kila mwaka, na hizo zilitoka kwenye chumvi na pombe. Pauni 10 zilikuwa fedha nyingi. Kibarua wa shambani alifanya kazi miezi mingi kuzipata. Tiketi nzima ilinunuliwa na mwenye akiba, au na watu kadhaa waliochangishana. Chumvi ilinunuliwa na kila mtu, na maskini aliyehifadhi nyama na samaki wake kwa chumvi hakuweza kuikwepa. Fedha zilitoka jikoni kwa wasio na kitu zikaenda kwa waliokuwa nacho, na katikati yake pakawekwa gurudumu la bahati ili kila mmoja alitazame hilo badala ya kutazama njia ya fedha.

Mpango wa 1694 ulifaulu, ingawa malipo yalichelewa baadaye kadiri vita vilivyoendelea kumeza mapato. Mwaka 1697 serikali ikajaribu tena kwa tiketi 140,000 zilizotegemea ushuru wa kimea. Ziliuzwa 1,763 tu. Mwanahistoria Anne Murphy, aliyezichambua bahati nasibu za miaka hiyo, anaonyesha kwamba wanunuzi walikuwa wakipima kama wawekezaji. Walipoona ahadi za serikali zinayumba, walikaa na fedha zao. Tiketi zilizobaki serikali ilizitumia kulipia madeni yake kama vile ni noti.

Tiketi yavunjwa vipande

Katika karne iliyofuata bahati nasibu ikawa desturi. Mwaka 1753 Bunge la Uingereza liliichagua kuwa njia ya kupata fedha za kuanzisha Jumba la Makumbusho la Uingereza, lililotokana na mkusanyiko wa tabibu Hans Sloane, mtu ambaye sehemu ya utajiri wake ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika, mashamba yaliyolimwa na watumwa. Tiketi za pauni 300,000 zilitolewa, na jumba likapata zaidi ya pauni 95,000. Mmoja wa wasimamizi, Peter Leheup, alikiuka masharti ya uuzaji kwa kuwapa walanguzi tiketi nyingi kwa siri. Alitozwa faini ya pauni 1,000.

Kadiri miaka ilivyopita hazina iliacha kuuza tiketi moja moja. Ilizipiga mnada kwa wakandarasi, nao wakazipandisha bei na kuzigawa nusu, robo, thumni, hadi sehemu ya 16. Hapo ndipo mtumishi wa nyumbani na fundi wa mtaani walipoweza kuingia. Na hata sehemu ya 16 ilipowashinda, palikuwapo wachuuzi wa vichochoroni waliopokea dau dogo juu ya swali moja tu: je, namba fulani itatoka leo? Uchezeshaji uliendelea kwa siku nyingi mfululizo katika ukumbi wa Guildhall, huku wavulana wa shule ya Christ's Hospital wakichomoa karatasi kutoka kwenye magurudumu makubwa, na kila siku ikawa siku ya dau jipya. Biashara hiyo ya vichochoroni ilipigwa marufuku, lakini iliishi kwa sababu serikali yenyewe ndiyo iliyoizungushia gurudumu.

Mwaka 1808 kamati ya Bunge ilisikiliza ushahidi wa familia zilizouza vitanda na nguo ili zicheze, ikayalaani madhara ya mfumo mzima. Bado hazina haikuacha mara moja. Bahati nasibu ya mwisho ya zama hizo ilichezeshwa London mwezi Oktoba 1826. Ufaransa, ambako serikali ilikuwa na bahati nasibu yake ya kifalme tangu karne ya 18, iliifuta mwaka 1836.

Wataalamu waingia kwenye mchezo

Wakati serikali zikiuza, watu wa hesabu walikuwa wakijiuliza kwa nini watu wananunua. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli, mwanahisabati Mswisi, alichapisha andiko lililoanza na mfano wa maskini mmoja aliyeangukiwa na tiketi. Tiketi hiyo ina nafasi sawa ya kumpa dukati 20,000 au kumwacha bila kitu. Je, atakuwa amekosea akiiuza kwa dukati 9,000? Kwa hesabu ya kawaida tiketi ina thamani ya 10,000. Bernoulli alisema maskini huyo hakosei hata kidogo, na tajiri akiikataa kwa 9,000 ndiye atakuwa amekosea. Dukati moja mkononi mwa asiye na kitu ina uzito ambao haina mkononi mwa tajiri. Wazo hilo ndilo lililokuja kuwa mhimili wa hoja za kugawa upya mapato kwa njia ya kodi: ukichukua shilingi kwa mwenye nyingi ukampa mwenye chache, ustawi wa jumla unaongezeka.

Lakini ikiwa hivyo, maskini hapaswi kununua tiketi kamwe. Adam Smith, katika kitabu chake cha 1776 juu ya utajiri wa mataifa, alieleza ununuzi huo kwa kiburi cha binadamu juu ya bahati yake. Kila mtu anaizidisha nafasi yake ya kupata na kuipunguza ile ya kukosa. Alikumbusha pia kwamba anayenunua tiketi nyingi zaidi anajiongezea uwezekano wa kupata hasara, na akizinunua zote ana uhakika wa kupoteza.

Maelezo ya Smith yalitawala kwa muda mrefu, na mpaka leo ndiyo tunayoyasikia barazani: vijana wanacheza kwa sababu ni wavivu na hawajui hesabu. Mwaka 1948 Milton Friedman na Leonard Savage waliibua fumbo lililoyatikisa. Mtu yuleyule anakata bima, yaani anakimbia hatari, na siku hiyohiyo ananunua tiketi, yaani anaikimbilia. Jibu lao lilikuwa kwamba huenda fedha ndogo na fedha kubwa hazina maana moja kwake: kuna kiasi kinachomwacha palepale alipo, na kuna kiasi kinachomtoa tabaka moja kumpeleka jingine. Mwaka 1965 Ng Yew-Kwang akalisogeza wazo hilo karibu zaidi na maisha. Alisema vitu vingi vyenye thamani havigawanyiki. Huwezi kununua nusu ya nyumba au robo ya elimu ya chuo. Mtu ambaye kipato chake hakimfikishi hapo, na hana wa kumkopesha, anaweza kwa akili timamu kuhatarisha kidogo alichonacho ili apate fungu zima.

Walikuwapo pia walioonyesha kwamba akili yetu haiko timamu sana. Daniel Kahneman na Amos Tversky walidhihirisha mwaka 1979 kwamba nafasi ndogo mno huonekana kubwa machoni petu kuliko ilivyo. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja na kuutupa mwingine. Mchezaji anaweza kuwa amekosea ukubwa wa nafasi yake, na wakati huohuo akawa hajakosea hata chembe kuhusu ukubwa wa shida yake.

Bahati ya Vienna, deni la Istanbul

Tiketi ilijifunza kuvuka mipaka pia. Mwaka 1869 Dola ya Osmani ilimpa Maurice de Hirsch, mwanabenki mzaliwa wa München, kibali cha kujenga reli katika maeneo yake ya Ulaya. Ili kupata mtaji, mwaka 1870 zikatolewa hati fungani 1,980,000, kila moja imeandikwa faranga 400 kwa riba ya asilimia 3, na kila baada ya muda zikichezeshwa ili baadhi ya namba zipate zawadi nono. Paris ilizikataa sokoni kwa sababu ya sheria zake dhidi ya bahati nasibu. Zilipata wanunuzi Vienna na Ujerumani, ambako zilifahamika kama kura za Kituruki.

Hati hizo ziliuzwa kwa bei ya chini sana kuliko thamani iliyoandikwa juu yake. Kati ya kilicholipwa na mnunuzi na kilichofika Istanbul palikuwapo mabenki, na kila mkono ulichukua chake. Dola ikabaki na deni la faranga 400 kwa kila karatasi huku ikiwa imepokea sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mwaka 1873 soko la Vienna liliporomoka, na mwezi Oktoba 1875 Dola ya Osmani ikatangaza kuwa haiwezi kulipa riba kamili ya madeni yake. Mwaka 1881 likaundwa baraza la wawakilishi wa wadai, wengi wao wa kigeni, nalo likapewa mamlaka ya kukusanya moja kwa moja mapato kadhaa ya dola. Miongoni mwake yalikuwamo ya tumbaku, pombe, hariri, samaki, na chumvi.

Mkulima wa Anatolia hakuwahi kuona zile hati, wala hakuwa na nafasi ya kushinda zawadi yoyote. Chumvi aliyoitia kwenye chakula ndiyo iliyomfanya mlipaji. Ni mpango wa 1694 tena, isipokuwa safari hii mlipaji na mpokeaji hawakuwa chini ya bendera moja, na mlipaji hakuwa na bunge la kulilalamikia.

Kodi isiyoitwa kodi

Mwaka 1964 jimbo la New Hampshire huko Marekani, lililokuwa halitaki kutoza kodi ya mauzo wala ya mishahara, lilianzisha bahati nasibu ya kugharimia elimu. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Mwaka 1989 wachumi Charles Clotfelter na Philip Cook walichapisha uchunguzi uliokuja kuwa rejea kuu. Hoja yao ni rahisi: kile ambacho jimbo linabaki nacho baada ya kulipa zawadi na gharama ni kodi iliyofichwa ndani ya bei ya tiketi. Na kodi hiyo inamwelemea mwenye kipato kidogo, kwa sababu anatumia kwenye tiketi sehemu kubwa zaidi ya alichonacho. Baadaye Melissa Kearney alionyesha, mwaka 2005, kwamba fedha za tiketi hazitoki kwenye kamari nyingine ambayo familia ingeicheza. Zinatoka kwenye matumizi ya kawaida ya nyumbani.

Tiketi hizohizo ziliwapa wachumi kitu kingine: watu waliopata fedha bila kuzitolea jasho, waliochaguliwa na bahati peke yake. Guido Imbens, Donald Rubin na Bruce Sacerdote waliwafuatilia washindi wa jimbo la Massachusetts ili kupima hofu ya zamani kwamba ukimpa mtu fedha ataacha kazi. Matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa kila dola ya ziada waliyopokea kwa mwaka, kipato chao cha kazi kilipungua kwa senti 11 hivi. Wengi waliendelea kufanya kazi. Wanaopinga kuwapa maskini ruzuku kwa kisingizio cha uvivu wanapaswa kulisoma andiko hilo.

Mkeka wa Kampala

Katika miaka ya karibuni simu ya mkononi na ligi za mpira za Ulaya vimeleta mchezo huu hadi kwenye kijiwe cha bodaboda. Kijana wa Dar es Salaam anasuka mkeka wake, yaani dau moja juu ya mechi kumi zilizounganishwa, na jioni goli la dakika za mwisho linauchana. Yule wa Nairobi anafanya hivyohivyo kwa shilingi zilizo kwenye simu yake. Aliyetusaidia kuelewa vizuri kinachotafutwa hapo ni mchumi Sylvan Herskowitz, aliyefanya utafiti Kampala kwa wachezaji zaidi ya 1,700.

Aligundua kwamba kiasi ambacho wachezaji walilenga kushinda kilihusiana na kitu walichokuwa wakihitaji kukinunua au kukilipia, na walioshinda walizielekeza fedha hizo zaidi kwenye matumizi makubwa ya mkupuo. Kisha akafanya jaribio. Baadhi ya wachezaji, waliochaguliwa kwa kura, walipewa kibubu cha kuwekea akiba. Hamu yao ya kubeti ikapungua. Hakuna aliyewahubiria wala kuwafundisha hesabu za uwezekano. Walipata njia nyingine ya kulifikia fungu zima, na ile ya mkeka ikapoteza mvuto.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yanamthibitisha Ng wa 1965, na yanafafanua kitu ambacho bibi zetu walikijua walipokaa kwenye upatu. Mwanamke anayetoa shilingi elfu moja kila siku ili siku ya zamu yake apokee mfuko mzima anatafuta kilekile anachokitafuta kijana wa mkeka, ila kwenye upatu fedha za kila mmoja hurudi zote.

Serikali pia zinaweza kuifuata njia hiyo. Uingereza, ileile ya mwaka 1694, ilianza kuuza mwaka 1956 hati za akiba za pauni 1 ambazo hazilipi riba kwa kila mtu. Riba yote hukusanywa na kuchezeshwa, mtaji wa kila mmoja ukibaki salama. Harold Wilson, msemaji wa upinzani kuhusu fedha, aliubeza mpango huo, lakini unaendelea hadi leo. Mwaka 2005 benki moja ya Afrika Kusini ilianzisha akaunti ya aina hiyo yenye zawadi ya randi milioni 1 kila mwezi. Shawn Cole, Benjamin Iverson na Peter Tufano waliichunguza wakaona watu waliongeza akiba yao kwa jumla, hata kwenye akaunti za kawaida. Bodi ya bahati nasibu ya taifa ikaenda mahakamani, na mwaka 2008 akaunti hiyo ikahukumiwa kuwa bahati nasibu isiyo halali. Bahati nasibu ambayo haimpotezei mtu senti ndiyo iliyofungwa.

Kenya ilichukua njia ya kodi, ikayumba nayo. Sheria ya Fedha ya 2017 ilizitoza kampuni za kamari asilimia 35 ya mapato yao, na mwaka uliofuata kiwango kikashushwa hadi 15. Mwaka 2019 ukaja ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Ukafutwa 2020, ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda 2023 hadi 12.5. Kodi mbili hizi hazimwangukii mtu yuleyule. Ile ya mapato ya kampuni inagusa faida ya mwenye duka. Ile ya dau ilikatwa kwa mchezaji hata kabla mechi haijaanza, awe angeshinda au angeshindwa. Sehemu ya mapato ya kamari huelekezwa kwenye mfuko wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, jambo jema kwa jina. Lakini kumtoza mwendesha bodaboda ili kujenga uwanja si kugawa upya mali ya nchi. Ni kumgharimisha maskini kwa kitu ambacho kingepaswa kulipwa na wote kadiri ya uwezo wao.

Kwa hiyo waziri wa fedha anapotangaza mabilioni yaliyokusanywa kutokana na kamari, katika nchi yoyote ya ukanda wetu, wabunge wamuulize mambo matatu kabla hawajapiga makofi. Fedha hizi zimetoka kwa watu wa kipato gani? Zinarudi kwa nani? Na kijana anayehitaji fungu la kununua pikipiki yake mwenyewe amewekewa njia gani ya kulipata, ya akiba au ya mkopo wa masharti nafuu, ambayo haipiti kwenye kamari? Swali la tatu ndilo ambalo serikali zimelikwepa kwa zaidi ya miaka 300, kwa kuwa jibu lake linazigharimu mapato. Ndilo pia ambalo likijibiwa, mengine yatapungua uzito yenyewe.